Kabla ya Kutuma Pesa za Nyumba, Omba Picha ya Nyuma

TAHARIRI

Wiki mbili nyuma, baada ya Isha, tulikaa kwenye majlisi ya jamaa mmoja hapa Abu Hamour. Kahawa na halwa zikizunguka, kijana mmoja akatoa simu kuwaonesha wazee nyumba anayomjengea halati yake milimani Lushoto. Picha nzuri kwelikweli. Ukuta umeshapigwa rangi, geti jeupe, vioo vya buluu, na nyuma yake kijani kitupu mpaka mawinguni. Kila mtu akasema mashaallah.

Mzee mmoja, ambaye utoto wake ulipita Mbale, Uganda, aliishika ile simu muda mrefu kuliko wenzake. Kisha akauliza, "Mwanangu, na huko jikoni kukoje? Huna picha ya nyuma?"

Kijana hakuwa nayo. Akampigia binamu yake hapohapo, na baada ya dakika kumi picha ikaingia. Nyuma ya nyumba mlima umekatwa wima ili upatikane uwanja wa kujengea. Ukuta wa udongo mwekundu umesimama juu kuliko bati, hatua tatu tu kutoka dirisha la jikoni, bila jiwe wala saruji ya kuushikilia. Juu yake kuna shamba la mahindi na mikaratusi miwili, mmoja umeinamia upande wa nyumba.

"Ami, si udongo tu huo?" kijana akasema.

Mzee akamjibu kwa upole: "Na Bududa pia ulikuwa udongo tu."

Pesa zilizokuwa zitumwe mwezi huu zilikuwa za marumaru za sebuleni. Mazungumzo yale hayakwisha mpaka karibu saa sita usiku, na sisi tumeona si vizuri yabakie ndani ya majlisi moja. Masika yako mlangoni. Kila mwaka msimu huu simu zetu hujaa video za tope na vilio, tunasoma Inna lillahi, tunachanga, tunasahau. Safari hii tuzungumze kabla.

Tunalotaka kusema ni hili: mvua ndiyo inayousukuma mlima mara ya mwisho, lakini kwa kawaida mlima umeanza kulegea zamani. Na mara nyingine pesa iliyoulegeza, au iliyomweka ndugu yetu mbele yake, imetoka mfukoni mwetu sisi wa Ghuba bila ya sisi kujua.

Alfajiri ya Hanang

Wengi mnakumbuka Jumapili ya 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kwenye Mlima Hanang, mkoa wa Manyara, Tanzania, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Alfajiri watu wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi wakasikia mngurumo. Kilichoshuka hakikuwa maji ya mafuriko waliyoyazoea. Lilikuwa tope zito lililobeba mawe makubwa na magogo, likapita katikati ya nyumba, maduka na soko. Watu wapatao 89 walipoteza maisha.

Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa huku kwetu Ghuba, Dubai, kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, COP28. Alikatisha safari akarudi. Wakubwa wa dunia walikuwa wakijadili hali ya hewa saa moja ya ndege kutoka hapa Doha, na mlima nyumbani ukaingia mjini.

Uvumi ulienea haraka kwamba volkano imelipuka, kwa sababu Hanang ni mlima wa volkano ya kale. Haikuwa volkano wala tetemeko. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka, na ilipoanza kushuka ikageuka tope.

Hanang haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Huko Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 mteremko ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, ukafunika nyumba, maduka na kituo cha afya. Miili iliyopatikana ilikuwa kiasi cha mia moja, na waliopotea walikuwa wengi zaidi ya hao. Oktoba 2018 Bududa ikalia tena, zaidi ya watu 40. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya nyingine, mlima uleule. Kenya, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, miteremko ya Pokot Magharibi iliua makumi ya watu, na madaraja yalipokatika waokoaji wakashindwa kufika mapema. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025 ikawa Chesongoch, Marakwet, zaidi ya watu 20, na hapo pia haikuwa mara ya kwanza. Kongo, Alhamisi ya 4 Mei 2023, tope lilishuka Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, likakuta Nyamukubi siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa. Kule Tanzania, kijiji cha Goha wilayani Same kilizika zaidi ya watu 20 Novemba 2009, na Same si mbali na Usambara, kwenye ile nyumba ya halati.

Tukitaja majina haya mengi ni kwa sababu kila moja lilipotokea liliitwa ajabu. Ajabu ikitokea kila mwaka, si ajabu tena.

Mchanga wa Sealine

Sisi tunaoishi kwenye nchi tambarare tunapata tabu kuelewa mlima unashukaje. Lakini watoto wetu wanaijua siri hii wote. Wanaijua kutoka Sealine.

Mkiwapeleka pwani Ijumaa, waangalieni wanavyojenga. Mchanga mkavu haukubali ukuta. Unamwagika mpaka unapata mteremko wake wa kulala, digrii thelathini na kitu, kama ule upande mkali wa matuta ambao watoto wanapenda kuserereka. Wakitia maji kidogo, mchanga unashikana, wanajenga ngome imesimama wima. Wakizidisha ndoo moja, ngome inaanza kutokwa na maji chini, inapasuka, inaketi, inakuwa uji.

Mlima ni hivyohivyo. Udongo wa mteremko unavutwa chini na uzito wake saa zote, mchana na usiku. Kinachouzuia ni chembe zake kukandamizana na kusuguana, na mizizi kuushona. Maji kidogo husaidia chembe kushikana. Maji yakijaa kila tundu, hayana pa kwenda, yanaanza kuzisukuma chembe zisigusane. Msuguano unapungua. Wakati huohuo mzigo unaongezeka: mvua ya milimita 100 kwenye eka moja ni kama tani 400 za maji, yaani malori 20 ya tani ishirini. Mzigo umeongezeka na breki zimelegea. Basi.

Penye mwamba au tabaka gumu chini ya udongo laini hali ni mbaya zaidi. Maji yanashuka, yanafika kwenye lile tabaka, yanakwama na kutambaa juu yake, na udongo wote ulio juu unakuwa kama zulia lililolazwa juu ya marumaru iliyomwagiwa sabuni.

Miaka, wiki, siku, dakika

Watu husema "mlima uliporomoka ghafla". Kuporomoka kwenyewe ndiyo, ni ghafla. Lakini safari yake ni ndefu, na inafaa kila familia iijue.

Kwanza kuna kazi ya miaka. Jua na mvua vinauozesha mwamba kuwa udongo, na kwenye milima ya volkano kama Elgon udongo huo huwa wa kina kirefu na wenye rutuba. Kisha watu wanakuja. Miti ya mizizi mirefu inakatwa, mahindi na maharage yanapandwa mpaka kwenye genge. Barabara inakatwa katikati ya mteremko. Mtu anachimba mguu wa mlima apate kiwanja. Kuukata mguu wa mlima ni sawa na kutoa tofali la chini kwenye ukuta: huoni kitu leo, lakini kilichokuwa kinazuia kimeondoka.

Pili, kazi ya wiki. Mvua moja kubwa baada ya kiangazi mara nyingi haiangushi mlima, maana udongo mkavu unainywa. Hatari ni mvua kubwa inayokuja baada ya wiki za manyunyu na mvua za kawaida, udongo umeshashiba. Vuli ya 2019 na ya 2023 zilikuwa hivyo. Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ilikuwa na joto kuliko kawaida, na 2023 ikaongezeka El Niño. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa imeshatangaza kwamba vuli ile itazidi kiwango. Tangazo lilikuwepo. Ambacho tangazo la nchi nzima haliwezi kumwambia mtu ni kama mteremko wa nyuma ya nyumba yake umeshashiba.

Tatu, siku na masaa ya dalili. Ufa wenye umbo la mwezi mchanga unatokea juu ya mteremko na kila siku unapanuka kidogo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unagoma. Sakafu inapasuka. Nguzo ya umeme, uzio au mti unainama. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo, au ya zamani inatoa maji ya tope. Na dalili moja ambayo wengi huifurahia badala ya kuikimbia: mvua inanyesha lakini mto unapungua ghafla. Maana yake huko juu udongo umeshashuka na kuuziba. Ukizibuka, unakuja wote kwa pamoja.

Nne, dakika. Udongo unakatika, unashuka, unachanganyika na maji ya korongo, unabeba mawe na miti, na kila unapopita unaongeza mzigo. Unakwenda kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Korongo likifika tambarare, tope linafunguka kama kipepeo na kutandaa. Na hapo penye kutandaa ndipo watu wanapopenda kujenga, kwa sababu ni tambarare, pana maji na pana udongo mzuri. Ukiona kiwanja kizuri mbele ya mdomo wa korongo, na ndani ya shamba kuna mawe makubwa ya mviringo yasiyofanana na ya jirani, jiulize nani aliyaleta. Mara nyingi ni tope la zamani ndilo lililokitengeneza kiwanja hicho.

Angalieni pia saa. Hanang ni alfajiri, Pokot ni usiku, Chesongoch ni usiku. Mvua za milimani mara nyingi huanza mchana na kuendelea kiza kikiingia, mlima unashiba watu wamelala. Dalili zote tulizozitaja hazionwi na mtu aliye usingizini.

Tusimlaumu maskini peke yake

Hapa lazima tuseme ukweli wa pande zote. Maneno ya haraka ni "wamekata miti, wameyataka wenyewe". Hayatoshi. Kule Hanang tope lilianzia juu mlimani, kwenye eneo ambalo ni hifadhi ya msitu. Mama aliyekuwa akiuza nyanya Katesh hakukata kitu kule. Kosa, kama ni kosa, ni kuwa mji ulikaa kwenye njia ya mlima. Na mizizi ya miti hushona udongo wa juu. Mteremko unaokatika kina kirefu chini ya mizizi hushuka na miti yake imesimama. Kupanda miti ni kheri, na tupande, lakini mti si dawa ya kila mlima.

Kuna mahali, hata hivyo, mkono wa mtu unaonekana wazi. Freetown, Sierra Leone, tarehe 14 Agosti 2017, mlima ulishuka juu ya mtaa wa Regent baada ya siku nyingi za mvua. Waliokufa na kupotea walizidi elfu moja. Mji ulikuwa umepanda mlimani, msitu umeondolewa, nyumba zimebanana kwenye mteremko na makorongo.

Na wale wanaosema "si wahame tu" waulizwe: wahamie wapi? Udongo wa Elgon unatoa kahawa, ndizi na mboga mwaka mzima. Eka ya babu imegawanywa kwa watoto, ikagawanywa tena kwa wajukuu, na mjukuu wa mwisho amebakiwa na kipande cha genge. Makaburi ya wazee yako pale. Baada ya 2010 serikali ya Uganda iliwahamishia baadhi ya watu wa Bududa Kiryandongo, mbali sana na kwao. Wako waliobaki, na wako waliorudi mlimani. Hawakurudi kwa ujinga. Mtu anaipima hatari ya mlima, inayoweza kuja au isije, na njaa ambayo inakuja kila jioni.

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Yule ndugu hawezi kuhama kwa sababu hana pesa ya kiwanja kingine. Sisi tunayo. Lakini tunamtumia pesa ya kupandisha ukuta mzuri zaidi palepale.

Hata huku si salama kabisa

Mtu asidhani haya ni ya bara peke yake. Kimbunga Shaheen kilipoipiga Oman tarehe 3 Oktoba 2021, kilima kilianguka juu ya makazi ya wafanyakazi kwenye eneo la viwanda la Rusayl, Muscat, wawili wakafa. Wenye jamaa Rustaq, Nizwa na Jabal Akhdhar wanazijua barabara zinazofunikwa mawe baada ya mvua, na mabonde yanayojaa maji kwa dakika. Aprili 2024 watoto wa skuli walikufa kwenye wadi huko Samad al-Shan, na familia za Kiswahili Oman nzima zililia nao.

Doha hatuna mlima. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kiasi cha milimita 75, tunaiomba kwa sala ya Istisqaa, na ikija watoto wanatoka nje kucheza. Lakini nani amesahau tarehe 20 Oktoba 2018, siku moja iliposhusha karibu mvua ya mwaka mzima, magari yakaelea na skuli zikaingia maji? Kuna jambo la kujifunza hapahapa mtaani kwetu. Chini ya Abu Hamour, Mamlaka ya Kazi za Umma, Ashghal, imechimba tuneli ya karibu kilomita 10 ya kuyatoa maji ya mvua na ya chini ya ardhi. Nchi ya jangwa, tambarare kama sinia, imeona lazima maji yapewe njia ya kutoka. Basi vipi nyumba iliyokaa chini ya genge Lushoto, panaponyesha mara nyingi ya hapa, ijengwe bila hata mfereji wa bati?

Maswali ya kuuliza

Tunawaomba wazazi na vijana wanaotuma pesa waulize mambo manne kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Hayahitaji mhandisi.

La kwanza, picha ya nyuma na ya ubavuni, si ya mbele. Genge limekatwa? Lina urefu gani, na liko umbali gani kutoka ukutani? Genge la wima lililo juu kuliko nyumba na karibu kuliko urefu wake lenyewe ni la kuogopwa. Chumba cha watoto kisiwe upande huo hata siku moja.

La pili, maji yanakwenda wapi? Maji ya bati, ya bafuni, ya choo, ya barabara ya juu. Shimo la choo lililochimbwa juu ya genge linamwagilia mteremko masika na kiangazi. Mfereji wa kukinga maji juu ya nyumba ni mzuri, ila uyatoe maji kando mpaka mahali salama. Mfereji unaotuamisha maji nyuma ya genge ni hatari kuliko kutokuwa na mfereji.

La tatu, wazee wa pale wanasemaje? Mlima ulioshuka zamani huacha kumbukumbu: kovu la mteremko usiolingana, jina la mahali, hadithi ya bibi. Mwuza kiwanja hatakwambia. Bibi wa jirani atakwambia.

La nne, usiku wa mvua kubwa mnalala wapi? Kila familia ya mlimani iwe na nyumba ya pili ya kukimbilia, kwa ndugu, msikitini, skuli, mahali pasipo korongo. Wajue njia ya kwenda kwa kupanda ubavuni, si kwa kufuata korongo kushuka. Na wakitoka wasirudi kuchukua godoro wala hati, maana mteremko uliokatika mara moja unaweza kukatika tena kesho yake.

Tukipata majibu mabaya, tubadilishe matumizi ya pesa. Pesa ya marumaru iwe ya ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, uliojengwa na fundi anayejua. Au iwe ya kuanza kununua kiwanja kingine, hata kidogo, hata kwa awamu. Hizi tunazosema ni pesa za mtu na familia yake. Michango ya hadhara hapa Qatar ina sheria zake na njia zake rasmi, tuziheshimu.

Yako mengine yasiyo ya mifuko yetu. Serikali ya Tanzania iliwajengea walioathirika wa Hanang nyumba zaidi ya mia moja mahali pengine, na tunaipongeza. Lakini nyumba hizo zimekuja baada ya makaburi. Tunachokiomba kwa serikali za Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa ni nyumba chache zije kabla. Miteremko mibaya inajulikana, imeshaua mara mbili na tatu. Kila kijiji cha namna hiyo kiwe na chombo cha kupima mvua, hata kama ni kopo lenye alama, na mtu mwenye kipaza sauti na ruhusa ya kuwaamsha watu saa nane za usiku bila kungoja simu ya wilaya. Na anayehamishwa apewe shamba, si chumba tu, la sivyo atarudi.

Kuhusu kadari

Tunajua kuna atakayesema, "Ajali haina kinga, Mungu akitaka." Ajali yetu iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hilo hatubishani. Lakini hadithi ya yule bedui na ngamia wake tumeisoma sote tukiwa chuoni: alifundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Anayelala chini ya genge lililokatwa, na jamaa zake wanajua, na pesa ya kumtoa ipo, bado hajafungiwa ngamia wake.

Juzi tumemuuliza yule kijana wa Lushoto amefikia wapi. Anasema halati amekasirika kidogo, maana sebule bila marumaru ni aibu mbele za majirani. Fundi ametoa bei ya ukuta wa mawe, ni kubwa kuliko marumaru karibu mara tatu. Kijana bado anapiga hesabu. Lakini kitanda cha wajukuu kimeshahamishwa kutoka chumba cha nyuma kwenda cha mbele, na hilo halikugharimu hata riyali moja.

Usiku huu, kwenye kundi lenu la WhatsApp la familia, mwombeni mtu awatumie picha ya nyuma.